Kitanda Kinachopigwa Msasa Mwaka wa Nne

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijafika mbali naomba uniwie radhi kwa huo wino uliovuja hapo juu, kalamu imenisaliti na karatasi nyingine sina hapa, kwa hiyo hii ichukue kama ya kujaribia tu, usiitoe gazetini, nitakutumia nyingine iliyonyooka.

Mimi ni fundi seremala, huu ni mwaka wa kumi na tisa, karakana ileile, meza ileile ya tatu kutoka mlangoni, na nasema bila kujisifu kwamba hakuna mtu pale anayezijua mbao kama mimi, mzee mwenye karakana anajua, wateja wanajua, lakini wote wananiita Bado Kidogo kwa sababu mteja akija kuulizia kabati lake mimi humwambia bado kidogo, na kweli huwa bado kidogo, kuna kona haijakaa, kuna bawaba inalia, na mimi siwezi kumpa mtu kitu kinacholia. Basi mzee huja nyuma yangu, ananipokonya msasa mkononi, anasema "Hebu toka hapo," anaita watu wawili, wanalibeba lile kabati na kwenda nalo kwa mwenyewe, na mimi nabaki nimesimama pale tumbo linanisokota mpaka jioni. Ndivyo kazi zangu zote zilivyotoka kwa miaka kumi na saba sasa, zimepokonywa, hakuna hata moja niliyoitoa kwa mkono wangu nikasema chukua, imekwisha.

Sasa mzee mgongo umemkatalia na mwisho wa mwezi huu anapumzika. Wiki mbili zilizopita alizima mashine zote, akatukusanya, akasema karakana anamkabidhi fundi mmoja aisimamie kama yake, na angependa fundi huyo awe mimi, na moyo wangu ulipasuka kwa furaha, sikufichi, lakini hata sijashukuru akaongeza mbele ya watu wote, "Kwa sharti. Niletee kitu kimoja ulichokimaliza wewe mwenyewe. Kimoja tu. Safari hii sikupokonyi. Mwezi ukiisha hujaleta, karakana anachukua Chapchap." Watu wakacheka, mshauri. Watu niliowafundisha mimi kushika msumeno ndio waliocheka.

Huyo Chapchap nikueleze, maana ndiye anayenichemsha damu. Amekuja juzijuzi, miaka sita tu, mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kunoa randa, na leo hii anatoa kabati kila wiki, na makabati yenyewe ungeyaona, ukivuta droo unavuta na kabati zima, na nyufa anaziba kwa unga wa mbao na gundi kisha anapaka vanishi juu huku anapiga mluzi, mluzi, mshauri, mtu anaharibu mbao nzuri na anapiga mluzi, na wateja wake wanarudi kulalamika, anacheka nao, anarekebisha, halafu wanamwagiza kingine! Nikilala naiona hiyo karakana mikononi mwake nasikia hasira mpaka meno yanauma.

Utasema basi maliza kitu umpelekee mzee. Kama ingekuwa rahisi nisingekuandikia. Mwaka wangu wa pili kazini nilimtengenezea mwalimu mkuu wa shule moja kiti, nikakipeleka mwenyewe nikiwa kijana nina haraka, akakikalia mbele ya walimu wote na mguu mmoja ukaachia, yule mama akaenda chini na chai yake, walimu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikakibeba kile kiti kurudi nacho njia nzima huku watoto wa shule wananifuata, na tangu siku hiyo mkono wangu haulijui neno basi.

Na nyumbani nako hakukaliki. Binti yangu alipotimiza miaka minne nilianza kumtengenezea kitanda, kwa kimo chake cha wakati ule, mbao nilichagua moja moja, nilitaka kitanda ambacho hata akizeeka ataonyesha watu kwamba hiki alinitengenezea baba, na kimeshasimama muda mrefu tu pale karakanani nyuma ya meza yangu, kimebaki kupigwa msasa, ila tatizo ni matendegu, tendegu moja lilizidi mengine kwa unywele, nikalipunguza, likawa fupi, nikapunguza matatu yaliyobaki ili yalingane, hapo jingine likazidi, nikapunguza tena, na hivyo hivyo mpaka sasa kitanda kimeshuka karibu shubiri nzima. Mtoto ana miaka minane. Analala kwenye godoro sakafuni. Zamani nikirudi kazini alikuwa ananikimbilia mlangoni, "Baba, kitanda changu kimeiva?" nami namwambia bado kidogo, siku hizi haulizi, nadhani amekua, ameelewa.

Mama yake hajaelewa. Mwezi uliopita alikwenda kwa siri, kwa nani, kwa Chapchap! akamwagiza kitanda, na Chapchap kama kawaida yake siku tatu akakileta mwenyewe, nikarudi mchana mmoja nikakikuta chumbani kwa mtoto, ubao wa kichwani umekaa upande, nikaweka kiganja juu yake kikalia kwi, na mimi mshauri sikuweza, nilishindwa, nilikitoa nje, nikakipakia kwenye mkokoteni, nikakirudisha karakanani majirani wakiona, nikamwambia Chapchap mwanangu halali kwenye takataka. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni ameshika shuka, alikuwa amelifua mwenyewe. Mke wangu alisema neno moja tu, "Basi ungezaa mbao, usingezaa mtoto," na tangu hapo ananitengea chakula anaondoka, hatuongei.

Nina hasira, mshauri. Nina hasira na mzee kwa kuniaibisha, nina hasira na Chapchap, nina hasira na mke wangu kwa kunipitia mgongoni, na nikiwa peke yangu nina hasira na hii mikono. Nifanyeje? Nimwombe mzee aniongeze miezi mitatu tu nimalize kitu kimoja cha kueleweka? Au niache kazi nisije nikaona kwa macho yangu Chapchap akikabidhiwa funguo? Na mke wangu nimweleze vipi aelewe kwamba kazi nzuri haitaki pupa? Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, au walikosea?

Ni mimi,
Bado Kidogo

*

Fundi Bado Kidogo,

Barua yako nimeipata. Nimeipata mara nne.

Ya kwanza ni hii wasomaji waliyoisoma hapa, yenye wino na makosa yake. Ya pili ilikuja baada ya siku tatu, mwandiko mzuri, lakini mwalimu mkuu na chai yake hawamo. Ya tatu umeipigia mistari kwa rula, na ndani yake mke wako amekuwa "mwenzangu" na hasemi kitu. Ya nne imefika juzi, safi kama kadi ya harusi, hakuna herufi iliyoinama, na ndani yake hakuna kitanda, hakuna mtoto, hakuna shuka. Kuna fundi mwenye heshima zake anayeuliza namna ya kumwomba mwajiri muda zaidi. Nimeisoma hiyo ya nne mara mbili nikitafuta mtu ndani yake, sikumwona.

Kwa hiyo nimetoa ya kwanza. Ulisema nisiitoe, najua. Nimekupokonya. Mzee wako siye peke yake anayejua kupokonya.

Nianze na yanayoniuma kwa ajili yako, maana yapo. Kile kiti kimeniuma. Ulikuwa kijana mwaka wa pili kazini, mtu mzima yeyote pale karakanani angekikalia kile kiti kwanza kabla hujakitoa mlangoni, na hakuna aliyekikalia. Kucheka walicheka, na watoto wa shule ni watoto wa shule. Lakini yule mama aliinuka, akajipangusa, na nakuhakikishia kabla ya mwaka kwisha alikuwa hakumbuki hata kilikuwa kiti au stuli. Wewe ndiye uliyebaki umekibeba. Miaka kumi na saba njiani na kiti cha mtu, hukitui, na kila anayekuja na kazi mpya anakuta mikono yako imejaa.

Na mzee wako naye nina ugomvi naye, amwambie anayemjua. Fundi hafundishwi kumaliza kwa kupokonywa. Angekaa pembeni siku moja tu, mteja anasubiri, watu wamekunja mikono, mpaka wewe mwenyewe useme chukua, pengine leo usingekuwa unaniandikia. Amekumbuka shuka kumekucha. Lakini amekumbuka, na safari hii amekuambia wazi kwamba hakupokonyi, na hilo ndilo linalokutisha. Wala si Chapchap. Unaogopa kwa sababu kuanzia mwezi ujao hakutakuwa na mtu nyuma yako wa kumlaumu kwamba kazi ilitoka kabla haijawa tayari.

Basi, huruma yangu imeishia hapo. Sasa tuzungumze.

Nilipofika kwenye shuka niliiweka barua chini, nikatoka nje, nikazunguka jengo letu lote, kwa sababu maneno yaliyonijia mhariri wangu asingeyapitisha. Mtoto wa miaka minane amefua shuka lake. Kwa mikono ile midogo. Amelianika, limekauka, amelikunja, amesimama mlangoni anasubiri kutandika, na wewe baba yake unapita mbele yake umebeba kitanda kukitoa nje. Kisa? Kililia kwi! Sakafu hailii, fundi? Sakafu umeipiga msasa?

Halafu unaniandikia kwamba haulizi tena kwa sababu "ameelewa". Ameelewa nini? Watoto wakiacha kuuliza si kwamba wameridhika. Wameshakupanga kundi moja na vitu visivyokuja. Mimi nimelea wanne na nakuambia, heri mtoto anayekusumbua mlangoni kila siku kuliko huyo uliyenaye sasa.

Hicho unachokiita ubora mimi nakiita woga, na umeupiga msasa mpaka unang'aa. Usinikasirikie, fikiri. Kitanda ambacho hakijalaliwa hakiwezi kuvunjika. Hakuna atakayekikalia mbele ya walimu kikaachia mguu. Nyuma ya meza yako kiko salama, na wewe uko salama nyuma yake, na anayelipia usalama wenu ninyi wawili ni mgongo wa mtoto. Mtoto anarefuka, kitanda kinafupika! Mshauri nimeandika safu hii muda mrefu, nimesoma ya wake wenza, nimesoma ya wakwe, hii ya baba anayekimbizana na mwanawe kwa msasa sijawahi.

Kuhusu Chapchap, hasira yako ina haki nusu. Droo inayokuja na kabati ni fedheha, na mtu anayefunika ufa kwa unga na gundi anastahili kuambiwa usoni. Lakini soma tena ulichoandika mwenyewe. Wateja wanarudi kulalamika, anacheka nao, anarekebisha. Kila kitu kinachomrudia kinamfundisha jambo. Ana miaka sita tu na ameshakosea mara mia tatu mbele za watu, akainuka. Wewe una kumi na tisa na umekosea mara moja. Sasa niambie nani kati yenu anakua? Hicho kitanda kimekufundisha nini kwa miaka minne, zaidi ya kwamba tendegu likipunguzwa haliongezeki?

Na kama kweli droo zake zinakuuma meno, basi jua hili: ukikosa kwenda kwa mzee, karakana ile itatoa droo za namna hiyo kwa miaka ishirini ijayo, hakuna wa kusema hapana, na atakayekuwa amemkabidhi Chapchap funguo ni wewe. Ujuzi wako wote, hayo macho yanayoona unywele, hayajamsaidia mtu hata mmoja alale vizuri. Chapchap na ubao wake wa upande amekushinda kwa kitanda kimoja, na hicho kimoja umemrudishia.

Umeniuliza kama wahenga walikosea. Hawakukosea, ila wewe unawasikiliza kwa sikio moja. Haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lako umeniambia mwenyewe linasokota. Haohao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hilo la pili likate ulibandike juu ya meza yako ya tatu kutoka mlangoni.

Sasa sikia utakavyofanya, na usiniletee ya miezi mitatu. Nakupa siku tatu, ya nne hakuna. Gazeti hili linatoka Alhamisi.

Leo ukitoka kazini, usikipime kitanda. Mpime mtoto. Mwambie asimame ukutani, piga alama ya penseli kichwani kwake, na umwambie kwa nini unampima. Usiondoke kabla hujamwomba radhi kwa shuka. Najua ni mtoto, ni wako, na baba kumwomba radhi mtoto si jambo tulilozoea. Mwombe. Mama yake awepo asikie, hiyo itakupunguzia maneno utakayohitaji kumwambia yeye.

Kesho asubuhi anza na Chapchap. Kamwambie, "Ndugu yangu, siku ile nilikukosea, na mwanangu nilimkosea zaidi." Kisha msasa wako mpe yeye akushikie. Sitanii. Mpe wote, na kile kipande ulichoficha kwenye droo, kipo, usinidanganye.

Halafu kifungue kitanda. Nimemuuliza fundi aliyekuja kurekebisha mlango wa ofisi yetu (mlango bado unagoma kidogo, lakini unafungwa, na tunaendelea na kazi), ameniambia kitanda kikiwa kifupi hakitupwi: ubao wa kichwani na wa miguuni unabaki ulivyo, zile mbao mbili za pembeni unaweka mpya ndefu, unaongeza chaga za kubebea godoro, asubuhi moja imekwisha. Nikamuuliza, je, rangi? Akasema mbao mpya hazitafanana na zile za miaka minne iliyopita, mtu yeyote atakayeingia ataona. Ndiyo, fundi. Wataona. Ziache hivyohivyo. Usizipake kitu cha kuzilinganisha, usizikwangue, usizifunike. Atakayeuliza mwambie ukweli: hapa ndipo nilipochelewa.

Matendegu usiyaguse. Kitanda kiko chini? Kiwe chini, akianguka haanguki mbali.

Jumamosi mchana mkibebe, wewe upande mmoja na Chapchap upande mwingine, mpite njia ileile uliyopita na mkokoteni, majirani walewale waone. Ukifika, kazi yako imekwisha. Shuka si lako. Lina mwenyewe, mpishe.

Na mzee usimpelekee kitanda karakanani. Karakana ni yake, kitanda kina mwenyewe. Mwalike Jumapili aje nyumbani akione kimetandikwa. Akikuta kinalia, kilie. Mwambie kinalia upande gani na utakirekebisha lini, kama fundi yeyote anayejua kazi yake. Akikupa funguo, zipokee kwa mikono miwili, na usimgeuze Chapchap kuwa mzee wako wa pili wa kukupokonya. Kazi ikiiva, tamka mwenyewe, na ukitamka mara ya kwanza utaogopa sana, ya pili kidogo, ya kumi utasahau ulikuwa unaogopa nini. Akikunyima pia, mtoto atakuwa juu ya kitanda, na hapo hakuna mzee wala Chapchap anayeweza kumshusha.

Usiniandikie kunishukuru, utaandika mara sita.

Limebaki neno moja tu. Jumamosi binti yako hatakukimbilia mlangoni, na hatakuuliza kama kitanda kimeiva, swali hilo ulishamnyang'anya. Kwa hiyo usisubiri aulize. Atakuwa amesimama palepale na shuka lake, anakutazama mikono kuona kama safari hii unaingia au unatoka. Sema wewe kwanza, kwa sauti, na Chapchap asikie: "Kimeiva, mwanangu. Panda."